Wembe Unakuwa Butu Baada ya Kupitishwa Kwenye Mkanda

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, huu ni mwezi wa pili tangu nianze kujifunza kunoa wembe wa kukunja, ule wenye mpini. Nina jiwe la chembe 1000, ambalo ni la kukwaruza, jingine la 8000, lililo laini zaidi, na mkanda wa ngozi. Wembe ukitoka kwenye jiwe hukata vinyweleo vya mkono bila shida, lakini nikiupitisha kwenye mkanda huanza kuvuta ndevu, na shingo hubaki ikiniwasha kutwa nzima. Je, ninoe upya tangu mwanzo, au mkanda wangu ni mbovu?

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako limebeba nusu ya jibu. Wembe unaokata ukitoka jiweni na kuvuta ukitoka mkandani umeharibiwa mkandani, na mara nyingi kosa huwa la mkono, si la ngozi. Kwa hiyo jiwe la 1000 liache kabisa kwa sasa. Kila unapolirudia unaula wembe bure.

Kwenye jiwe makali hutangulia, ilhali kwenye mkanda mgongo wa wembe ndio unaotangulia na makali hufuata nyuma. Jambo hilo naamini unalijua. Wanafunzi wengi hukosea mwishoni mwa mkanda, pale wembe unapogeuzwa. Mtu huanza kuugeuza ukiwa bado unakwenda, mgongo unanyanyuka kidogo, na makali, ambayo ni membamba mno, yanajikunja yanapobanwa dhidi ya ngozi. Fika mwisho, simama kabisa, kisha ubiringishe wembe juu ya mgongo wake kwa kuizungusha shingo yake, yaani sehemu nyembamba iliyo kati ya bapa na mpini, kati ya kidole gumba na cha shahada, bila kupinda kifundo cha mkono, ndipo urudi. Mkanda uvute ukaze, kwa maana ukilegea hukumbatia makali na kuyaviringa. Usikandamize, wembe ugandamane na ngozi kwa wepesi tu. Ningekushauri ufanye zoezi hili kwa siku kadhaa ukitumia kisu butu cha kupakia siagi, polepole sana, kwani kasi huja yenyewe mkono ukishazoea.

Mkono ukitulia, chukua jiwe la 8000 peke yake, lilowe maji, na uupitishe wembe kwenda na kurudi mara 15 hivi kwa mkono mwepesi. Tofauti na kisu cha jikoni, hapa huna haja ya kukisia pembe: mgongo na makali hulala juu ya jiwe kwa pamoja, na unene wa mgongo ndio unaoamua pembe. Tazama maji yaliyo mbele ya makali. Yakisukumwa na kupanda juu ya bapa kwa urefu wote wa wembe, jiwe linagusa kila mahali. Yakipita chini ya makali sehemu fulani, hapo hapaguswi. Ukiwa na shaka, paka wino wa kalamu nene kwenye ukingo wa makali, pitisha mara mbili, na wino utakaosalia utakuonyesha mahali penyewe. Huenda jiwe lenyewe limebonyea katikati, nalo husawazishwa kwa msasa wa maji uliotandazwa juu ya kioo. Chora mistari ya penseli juu ya jiwe na usugue hadi yote ifutike.

Baadaye tafuta jiwe la 4000, kwa sababu kutoka 1000 hadi 8000 ni mruko mkubwa, na mikwaruzo ya jiwe la kwanza huchelewa kufutika.

Baada ya jiwe, pitisha wembe kwenye turubai, yaani upande wa kitambaa kigumu wa mkanda, mara 20, kama mkanda wako unao, kisha kwenye ngozi mara 50. Shingo iache ipone kabla ya kuujaribu, na uanzie shavuni, ambako ngozi ni tambarare, wembe ukiwa umelala kiasi cha nyuzi 30 kutoka usoni.