Kobe kwenye tanki la kioo: taa nyekundu usiku kucha?
Mkuu, umeuliza kama jua la dirishani linamtosha kobe wako hapo Nyegezi, na kama ile taa nyekundu iwake usiku kucha. Dirishani hapana. Kioo cha kawaida kinazuia karibu miale yote ya UVB (ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho), na bila hiyo ngozi haitengenezi vitamini D3 ya kuimarisha mifupa na gamba, hivyo gamba linalainika hata akila vizuri. Mwanza jua tunalo la bure, mtoe asubuhi kwenye uzio wenye kivuli upande mmoja, ajichagulie. Usimtoe na tanki lenyewe! Kioo juani ni oveni.

Siku za mvua weka balbu ya aina ya zamani, ile ya waya unaowaka, ya wati 60 (LED haitoi joto la maana) kona moja tu, juu ya jiwe bapa. Pima pale chini: nyuzi 32 hadi 35. Kona ya pili ibaki 25 hivi.

Usiku zima kila kitu, anahitaji giza. Taa nyekundu waachie vifaranga. Baridi yetu ya ziwani kobe mzima anaivumilia akiwa pakavu. Ikichanganyika na unyevu ndiyo inaleta mafua na mapovu puani.

Ana ukubwa gani lakini? Kama bado anaenea kiganjani, usiku mlaze ndani, kwenye boksi la mbao lenye nyasi kavu.