Shida yangu, shida yetu: maswali na majibu kuhusu sosholojia, elimu ya jamii

Nimemaliza masomo na huu ni mwaka wa pili natafuta kazi. Nyumbani wananiambia sijitumi. Sosholojia ina lolote la kuniambia?

Inalo, na linaanza na swali: mko wangapi? Mwaka 1959 mwanasosholojia wa Marekani, C. Wright Mills, alitenganisha taabu ya mtu binafsi na tatizo la umma. Katika mji wa watu 100,000, alisema, akikosa kazi mmoja tu, tumtazame yeye: ujuzi wake, mwenendo wake, nafasi zilizo mbele yake. Lakini katika taifa lenye waajiriwa milioni 50, milioni 15 wakiwa hawana kazi, kumkagua mmoja mmoja hakutatupa jibu, maana nafasi zenyewe zimeporomoka. Ikiwa wengi wa wenzako mliomaliza pamoja wako nyumbani, bidii yako pekee haiwezi kuwa maelezo.

Na hao wanaosema hujitumi ningewasimulia habari za Marienthal, kijiji cha Austria ambacho karibu watu wake wote walitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, watafiti wakiwemo Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuona maisha yanavyokuwa, wakachapisha matokeo mwaka 1933. Mtu angetegemea kwamba wasio na kazi, muda wakiwa nao tele, wangesoma zaidi. Kinyume chake, vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua sana. Watafiti walipima hata mwendo wa watu barabarani: wanaume walitembea polepole, wakisimama kila mara, ilhali wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikuwaishia, walikwenda kwa haraka zaidi. Kulegea kule kulikuja baada ya kiwanda kufungwa. Naona uchungu kila ninaposikia matokeo ya kukosa kazi yakitajwa kuwa ndiyo chanzo chake.

Huko si kumtafutia mtu visingizio?

Sivyo. Kueleza kwa nini jambo limetokea si kumwondolea mtu wajibu wake. Bado unaamua, bado unajibu kwa uamuzi wako. Ila machaguo uliyowekewa mezani hukuyapanga wewe, na jirani yako amewekewa mengine.

Kuna mambo ya ndani ya moyo kabisa. Hapo jamii inaingiaje?

Émile Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, alichagua kwa makusudi lililo la ndani kuliko yote: mtu kujiua. Katika kitabu chake cha 1897 alionyesha kwamba viwango vya kujiua katika nchi za Ulaya havikubadilika sana mwaka hadi mwaka, ingawa waliokufa kila mwaka walikuwa watu wengine kabisa, na kila nchi ilikuwa na kiwango chake. Wasio na ndoa walikuwa hatarini kuliko wenye familia. Alihitimisha kwamba nguvu ya vifungo kati ya mtu na wenzake ina uzito mkubwa. Takwimu zake zilitoka kwenye kumbukumbu za serikali, na penye aibu vifo vingine huandikwa kwa sababu nyingine, kwa hiyo wataalamu wamembishia kuhusu mengi. Hata hivyo swali alilolifungua halijafungwa: mtu anapozama, nani alikuwa karibu naye? Kama swali hili linakugusa wewe mwenyewe, tafadhali zungumza leo na mtu unayemwamini au mhudumu wa afya.

Kisa changu ni ushahidi?

Ni mwanzo mzuri wa kuuliza. Ushahidi unahitaji visa vingi, pamoja na vile vinavyokupinga.

Ni kweli kazi hupatikana kwa kujuana?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, lakini si lazima kwa kujuana unakodhani. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1973 kwamba wengi aliowahoji Marekani, waliopata kazi kupitia mtu, walisikia habari kutoka kwa mtu waliyeonana naye mara chache tu. Rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua; mtu wa mbali anatoka kwenye duara lingine. Kwa hiyo wawili wenye cheti kilekile na bidii ileile wanaweza kuachana mbali, kwa sababu mmoja anafahamiana na watu walio kazini na mwenzake amezungukwa na wanaotafuta kama yeye. Wasalimie uliosoma nao zamani, hata wale mliopoteana.