"Shinikizo la kati la vena": kati ya nini na nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi katika wodi ya wagonjwa mahututi na ninafasiri mwongozo wa kuwafundishia wauguzi wapya. Sura moja nimeipa kichwa hiki: "Upimaji usio vamizi wa shinikizo la kati la vena". Mwenzangu anasema hakieleweki. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako ana haki. Nilipokisoma nilidhani unazungumzia shinikizo la wastani, lisilo la juu wala la chini, na sarufi yako ndiyo inayosema hivyo. "La kati" inafuata ngeli ya shinikizo, kwa hiyo kilicho kati ni shinikizo, si mshipa. Ukiandika "shinikizo la vena ya kati", upatanisho unakaa sawa ila muuguzi atawaza ule mshipa wa kwenye mkunjo wa kiwiko anaoutolea damu kila siku. Huo kweli uko kati.

Ninyi mnataka kujua shinikizo la damu inayorejea moyoni, pale inapokaribia kuingia chumba cha juu cha kulia. Mshipa huo ni vena kuu, basi andika "shinikizo la vena kuu". Neno "vena" halihitaji maelezo, kwani vitabu vya sayansi vya shule ya msingi vimekwisha kulizoesha pamoja na ateri. Ila ndugu wa mgonjwa usiwaambie "presha ya vena". Kwao presha ni ugonjwa, na watadhani mgonjwa wao kaongezewa mwingine.

"Vamizi" liachie magugu na majambazi. "Bila kutoboa mwili" nayo haifai, maana mgonjwa wa wodi yenu ana dripu tayari. Kinachoepukwa hapa ni katheta, yaani mrija mwembamba, inayopitishwa shingoni au chini ya mtulinga hadi karibu na moyo. Sema hivyo hivyo: "bila kuingiza katheta ya vena kuu".

Neno linalonisumbua zaidi ni lile ambalo hukuliuliza: "upimaji". Ukimwinua mgonjwa kichwa na kifua kama nyuzi 45, ukatazama mpwito wa vena ya shingo, kisha ukasimamisha rula wima kutoka kwenye kijinundu cha mfupa wa kidari, umepima urefu, si shinikizo. Unaongeza sentimita 5, unapata makadirio ya shinikizo kwa sentimita za maji. Ultrasaundi nayo hupima kipenyo cha vena kuu ya chini. Kisipozidi sentimita 2.1, na mshipa ukanywea kwa zaidi ya nusu mgonjwa anapovuta hewa puani kwa ghafla, shinikizo hukadiriwa kuwa milimita 3 hivi za zebaki. Kikizidi hapo, na ukanywea kwa chini ya nusu, hukadiriwa kuwa 15 hivi.

Sasa mfikirie mgonjwa anayepumuliwa na mashine. Kwake hewa inasukumwa ndani, haivutwi, kwa hiyo vena hiyo hutanuka wakati ambapo yako na yangu zingenywea. Viwango nilivyovitaja havimfai. Muuguzi mpya aliyesoma "kupima" ataiandika namba kwenye chati akaiamini, ilhali aliyesoma "kukadiria" huenda akauliza kwanza mgonjwa anapumuaje. Kitenzi hapo kinafanya kazi ya tahadhari, na singekubali kibadilishwe kwa ajili ya kupendezesha kichwa cha sura.

Kwa hiyo kiite: "Kukadiria shinikizo la vena kuu bila kuingiza katheta". Usiongeze "ya juu" wala "ya chini" kwenye kichwa, kwa sababu ncha ya katheta kwa kawaida hukaa katika ile ya juu na ultrasaundi niliyoitaja hutazama ile ya chini. Ndani ya sura zitofautishe.

Na kila namba ipe kizio chake. Sentimita 8 za maji ni kama milimita 6 za zebaki, na mwongozo ulioniambatishia unaitaja 8 mara mbili bila kusema ni ya nini.