Jibu: Maranda ya Mafinga na kapasita inayohifadhi umeme kidogo

Ndugu mwanafunzi, umeuliza kwa nini mkaa uliouandaa kutokana na maranda ya misonobari ya Mafinga unahifadhi umeme kidogo mno katika kapasita yako, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme. Mkaa wa kawaida una vitundu vichache, ilhali kapasita inayotumia mkaa huhifadhi chaji kwenye nyuso za ndani za vitundu hivyo. Kwa hiyo, kabla ya kulaumu vipimo, uamilishe mkaa wako, yaani uuongezee vitundu, kwa potasiamu haidroksaidi katika nyuzi joto 700 hadi 800 za Selsiasi, chini ya mkondo wa gesi ya naitrojeni, kwa sababu hewa ikiingia utabaki na majivu. Chombo kiwe cha nikeli, maana potasiamu haidroksaidi hula kauri na kioo, na macho pia, hivyo miwani ni lazima. Kisha usafishe kwa asidi hafifu ya haidrokloriki na maji yaliyokenekwa mpaka pH ifike 7, yaani maji ya kusafishia yasiwe na asidi wala alkali. Hapa ndipo wengi hufanya haraka, na mabaki ya potasiamu yakapotosha matokeo. Unapopima, usitegemee mfumo wa elektrodi tatu peke yake, yaani ule unaopima elektrodi moja ya mkaa badala ya kapasita nzima, kwani huonyesha uwezo wa kuhifadhi chaji mkubwa kuliko wa kifaa halisi. Mimi ningejaribu sambamba maganda ya kahawa ya Mbozi, ambayo kwa asili yana potasiamu nyingi inayoweza kusaidia uamilishaji, ingawa nayo lazima ioshwe mwishoni.