Uliza Ujibiwe: Kuwatafuta Wenzako wa Kambini

Barua tatu za toleo hili zina kiu moja: mtu aliyekuwa mwenzako, au mwenzake mzazi au babu yako, katika kambi ya jeshi la kigeni amepotea, atapatikanaje? Kwa wote watatu tunaanza na neno moja. Jina liweke kando kwanza, tafuta namba na kikosi. Jina huandikwa kila namna, namba haibadiliki.

Nilikuwa mpishi Camp Leatherneck, mkoa wa Helmand, Afghanistan, hadi kambi ilipofungwa 2014. Simu yangu iliibwa kivukoni na namba zote zikaenda. Nawatafuta Wanepali wawili, Mfilipino wa zamu ya usiku na Mwafghani aliyekuwa akituletea maji. Nianzie wapi?
*Mpishi, Likoni*

Anzia kabatini, ndugu yetu, Facebook baadaye. Toa mkataba wako, beji, na ile barua ya idhini mliyozoea kuiita LOA. Humo mna jina la kampuni, namba ya mkataba na kambi uliyopangiwa. Angalia kwa makini: kazi za jikoni zilipitia kwa wakandarasi wadogo, kwa hiyo jina lililokuwa kwenye fulana huenda silo lililo kwenye mkataba. Yaandike yote mawili, kwa sababu makundi ya wafanyakazi wa zamani mtandaoni hupangwa kwa jina la kambi au la kampuni. Tafuta pia kwa jina la Camp Bastion. Leatherneck ya Wamarekani na Bastion ya Waingereza zilikuwa zimepakana, zikakabidhiwa kwa Waafghani siku moja, 26 Oktoba 2014, na watu wengi hutaja moja wakimaanisha zote.

Tangazo lako liwe na jiko lenyewe (namba ya DFAC, yaani jumba la kulia la kambi, kama unaikumbuka), mwezi na mwaka wa kuanza na kuondoka, zamu, kazi uliyokuwa ukifanya, na jina ulilokuwa ukiitwa kule. Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Jina la kwenye pasi yako Mfilipino hakuwahi kulijua. Kama walikuita "Mombasa" au "Chapo", andika hivyo hivyo. Mfilipino naye huenda ulimjua kwa jina la utani tu, kwani kwao karibu kila mtu analo, basi mtafute kwa hilo ukiongeza mji wa kwao. Wanepali ni kibarua zaidi. Gurung, Rai, Tamang na Thapa ni majina ya jamii au koo nzima, na kumtafuta Gurung mmoja Nepal ni kama kumuulizia Ali Mohamed pale Mji wa Kale. Ongeza wilaya: Kaski, Jhapa, Chitwan, yoyote uliyowahi kuisikia wakipiga soga.

Ukipata picha kwa mtu mwingine, mwambie akutumie kama faili, asiitume kama picha ya kawaida. WhatsApp huipunguza picha na kufuta tarehe iliyopigwa, na tarehe hiyo ndiyo hukuonyesha nani alikuwa zamu gani. Namba za zamani zisikupotezee muda. Laini za Ufilipino ambazo hazikusajiliwa kufikia Julai 2023 zilizimwa, na kwingi laini iliyolala muda mrefu hupewa mtu mwingine. Ikiita, uliza kwanza unaongea na nani kabla hujaanza kueleza habari za kambi.

Yule Mwafghani ni suala jingine kabisa. Usiweke hadharani picha yake, jina lake wala kijiji chake. Tangu Agosti 2021 Taliban ndio watawala, na kujulikana kwamba mtu aliwafanyia kazi Wamarekani kunaweza kumtia yeye na jamaa zake hatarini. Mtafute kwa ujumbe wa faragha tu, kupitia wenzenu waliokuwa karibu naye. Hata kwenye picha ya pamoja, uso wake uufunike.

Na kwa kuwa umegusia mwishoni mwa barua kwamba mgongo bado unakusumbua: kuna sheria ya Marekani ya 1941, Defense Base Act, inayowahusu hata wafanyakazi wasio Wamarekani waliokuwa wakihudumia kambi zao. Dai la ajali kwa kawaida hufunguliwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuumia au tangu malipo ya mwisho ya fidia. Ugonjwa unaotokana na kazi, ndani ya miaka miwili tangu ujue kwamba chanzo chake ni kazi ile. Kwako muda wa ajali huenda umeshapita, ila kama ulikuwa ukilipwa fidia angalia tarehe ya malipo ya mwisho. Fomu ya dai ni LS-203, ya wizara ya kazi ya Marekani, na kuiwasilisha ni bure. Makundi haya ya mtandaoni yamejaa watu wanaodai "ada ya faili" kwa M-Pesa. Anayetanguliza ada ni tapeli.

Babu yetu alipigana Burma (Myanmar ya leo) na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Ametuachia nishani tatu na kijitabu kilicholiwa na mchwa. Tungependa kujua familia za wenzake. Tumeangalia nishani, hakuna jina.
*Wajukuu, Kisauni*

Msishangae. Nishani za Waingereza za Vita vya Pili zilitolewa bila jina. Za Vita vya Kwanza ndizo zilizochongwa namba, jina na kikosi kwenye ukingo. Kwenu ushahidi uko kwenye utepe na kwenye kijitabu. Utepe wa Burma Star ni wa buluu nzito, wenye mstari mpana mwekundu katikati na mstari wa rangi ya chungwa kila upande. Kijitabuni tafuteni namba ya askari, ambayo mara nyingi ina herufi mbele, pamoja na batalioni. Kipigeni picha kabla hamjakifungua zaidi, taa ikiwa ubavuni ili wino uliofifia uonekane.

Mkishapata batalioni, ingieni kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, iliyo bure mtandaoni. Babu hamtamkuta, kwa sababu inaorodhesha waliokufa tu, na kwa vita vile ni kuanzia 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Mtakaowakuta ni wenzake waliobaki kule. Wengi wameandikwa kwenye makaburi na mnara wa Taukkyan, nje ya Yangon, na baadhi wana jina la baba na wilaya ya kwao. Hapo ndipo familia hupatikana: chifu na wazee wa kijiji watawafaa kuliko kompyuta. Jaribuni tahajia zote. Karani wa Kiingereza aliandika alichosikia, Karisa akawa Kalisa, na "bin" ikaandikwa au ikaachwa. Kwenye Sanamu ya Askari ya Moi Avenue msiende kutafuta majina, hakuna.

Shajara za vikosi vya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw na kuvuka mto Chindwin mwishoni mwa 1944, ziko London kwenye nyaraka za taifa, fungu WO 172. Zinataja maofisa kwa majina. Askari wa kawaida ni kwa nadra, basi msilipie nakala mpaka mwe na batalioni na mwezi mnaoutaka. Kama bibi yu hai, ulizeni chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA, kuhusu msaada wa wajane wa askari waliotumikia kabla ya uhuru.

Marehemu baba alikuwa karani Kilindini wakati wa vita, na rafiki yake baharia Mwingereza aliendelea kumwandikia. Bahasha ina "H.M.S. Tana". Nimetafuta meli hiyo nimechoka.
*Binti yake, Tudor*

Dada, hukuikosea. HMS Tana ilikuwa kituo cha nchi kavu hapa hapa Kilindini, kambi ya jeshi la majini iliyopewa jina kama la meli. Meli za Eastern Fleet, kundi la meli za kivita la Waingereza katika Bahari ya Hindi, zilihamia hapa 1942 baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo). Geuza bahasha utafute namba ya mfano P/JX na tarakimu zinazofuata. P ni Portsmouth, D ni Devonport, C ni Chatham. JX ni mabaharia wa sitaha na mawasiliano, KX ni wa mitambo. Namba hiyo humtenganisha na kina Smith wengine wote.

Rafiki wa vita ile akiwa hai leo amekaribia miaka mia au ameshaipita, kwa hiyo tafuta watoto wake. Faharasa ya FreeBMD, bila malipo, ina ndoa na vifo vya England na Wales, na kitafutio cha wosia cha serikali yao huonyesha tarehe ya kifo. Ukipata anwani, tuma barua ya posta ya ukurasa mmoja, nakala ya picha, na nakala ya bahasha yenye mwandiko wake. Barua isiyotarajiwa kutoka nje huogopwa kama utapeli, lakini mtoto huujua mwandiko wa babake. Asili zote zibaki kwako.