Barua kwa mwanangu: kuhusu ami yako na zile sauti za alfajiri

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Goti la mamako limeanza tena na upepo huu wa kusi, lakini sokoni anakwenda mwenyewe na hataki kushikwa mkono.

Ujumbe wako nimeusikiliza. Unauliza utoke kwenye kundi la WhatsApp la familia au ubaki umjibu ami yako, maana kila alfajiri anasambaza sauti za watu asiowajua yeye wala wewe, wakisema kura za urais za Kenya za 2022 ziligeuzwa na yule Mvenezuela, Camargo, na za 2027 zimeshapangwa. Mwishoni ukauliza, kwa uchungu nilivyosikia mimi, "Ami amepatwa na nini?" Nitaanza na hilo la mwisho, kwa sababu linaninyima usingizi hata mimi.

Nyinyi mmeusoma mlolongo vitabuni. Mimi nilisimama uwanjani. Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu kijana, na uteuzi wa wagombea wa KANU, chama pekee wakati ule, ulifanyika kwenye uwanja wa shule yetu. Hapakuwa na karatasi ya kura. Kila wakala aliinua picha ya mgombea wake, na watu wakajipanga nyuma yake, jirani akimwona jirani, tajiri akimwona kibarua wake. Aliyepata asilimia 70 alipita moja kwa moja hadi bungeni bila kupingwa. Mstari mmoja ulianzia kwenye mlingoti wa bendera, ukazunguka madarasa ya wadogo, ukapinda nyuma ya choo cha wasichana. Wa pili haukufika hata kwenye mwembe. Sisi walimu tulihesabu. Hakuna aliyetutuma, ni mazoea ya kazi, ukiona mstari unahesabu vichwa. Afisa wa utawala akapita mara moja na daftari lake, akapanda juu ya kiti, akasoma nambari. Mstari mfupi ukashinda. Mzee mmoja akapaza sauti, "Bwana mkubwa, mistari bado imesimama, tazama!" Hakutazama. Askari wakamwondoa yule mzee, na watu wakatawanyika kimya kimya.

Jioni nikamsimulia ami yako. Alikuwa kidato cha pili, amekaa kizingitini akimenya mihogo ya bibi yako. Nilimchorea mistari yote miwili mchangani kwa kijiti. Akauliza, "Sasa zile nambari alizitoa wapi?" Nikamwambia, "Alikuja nazo." Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaitazama ile michoro mpaka giza likaingia.

Nimekuambia tangu u mdogo na nitakuambia tena: hesabu ya watu wote ifanywe mbele ya watu wote.

Tangu siku ile nchi haikumpa ami yako nafasi ya kusahau. Mlolongo ulifutwa mwishoni mwa 1990, lakini mwaka huo huo Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, alikutwa amekufa na mwili umechomwa, si mbali na nyumbani kwake Koru, na tukasikia daktari wa serikali akitoa hoja kwamba huenda alijiua. Mwaka 2007 Rais Kibaki aliapishwa jioni ile ile aliyotangazwa, na siku chache baadaye mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, akasema hajui kama Kibaki ndiye aliyeshinda. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Mwaka 2017 Chris Msando, aliyesimamia mitambo ya tume, aliuawa siku chache kabla ya kura. Mahakama ya Juu ikaagiza seva zikaguliwe, tume haikuzifungua ilivyoagizwa, na tarehe 1 Septemba uchaguzi wa rais ukafutwa. Waliokuwa wakipiga kelele "fungua seva" hawakuwa na wazimu, mwanangu. Usiwahi kuniambia hivyo.

Kwa hiyo nusu ya jibu lako ni historia hiyo, na yote ni ya kweli. Nusu ya pili ndiyo inayoniuma.

Unakumbuka zile sauti za kabla ya Agosti 2022? "Sistimu" imeamua. Rais Uhuru yuko na Raila, wakubwa wa serikali wako na Raila, kwa hiyo Ruto hata akipata kura hataapishwa. Tarehe 15 Chebukati, mwenyekiti wa tume, akamtangaza Ruto mshindi pale ukumbi wa Bomas. Kulipokucha zikaja sauti nyingine, na nadhani ni watu wale wale: sistimu ilipanga hivi tangu mwanzo, Raila alitegwa. Hakuna aliyeuliza, jana mlisemaje? Ndivyo habari zinavyosomwa kule. Mshtakiwa anajulikana kabla ya kosa, kazi iliyobaki ni kutafuta habari ya leo ichomekwe wapi. Waziri akikanusha, amethibitisha. Akinyamaza, amethibitisha zaidi. Gazeti likiandika limetumwa, lisipoandika limenunuliwa. Na daima kuna "mtu wa ndani" asiye na jina, ambaye akikosea leo, kesho bado ni mtu wa ndani.

Basi nikueleze ya ile siku ambayo wewe ulisikia nusu tu kwa mamako. Makamishna wanne wa tume walikuwa wameyakataa matokeo, na msemaji wao, Juliana Cherera, akasema asilimia za wagombea wote wanne zinajumlisha 100.01, na kwamba hiyo 0.01 iliyozidi ni kura kama 142,000. Ami yako akanipigia simu sauti ikimtetemeka. "Mwalimu, wamejikamata wenyewe!" Nikamwambia njoo.

Nilishusha kalenda ya zamani ukutani nikaigeuza upande mweupe. Ruto 7,176,141. Raila 6,942,930. Wajackoyah 61,969. Mwaure 31,987. Jumla, 14,213,027. Asilimia moja ya hizo ni kura 142,130. Basi kura 142,000 ni asilimia moja nzima; 0.01 ni sehemu yake ya mia, kura 1,421. Na hata hizo 1,421 hazikuwa kura za mtu. Gawanya hadi tarakimu tatu baada ya nukta: 50.490, 48.849, 0.436, 0.225. Jumlisha, unapata 100 kamili. Sasa kata tarakimu ya tatu, kama tume ilivyofanya. 48.849 inasogezwa juu kuwa 48.85. 0.436 inakuwa 0.44. 0.225 inakuwa 0.23. Tatu zimepanda, hakuna iliyoshuka kuzifidia, na hapo ndipo 0.01 inapozaliwa. Nimefundisha hesabu hiyo maisha yangu yote. Sikuwahi kuifanya kwa furaha kama siku ile, maana ilitoka safi kabisa, na ndugu yangu alikuwa ameinama juu ya kalenda akifuata kila mstari kwa kidole.

Akazirudia mwenyewe kwenye simu. Akapata zile zile.

Nikaona nimalize kazi. Nikamwonyesha picha ya Fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, niliyoipiga mlangoni mwa kituo chetu baada ya kuhesabu, sahihi za mawakala zikiwa chini. Kisha nikafungua ile ile kwenye tovuti ya tume. Vituo vilikuwa zaidi ya 46,000, na fomu ziliwekwa pale kila mtu azipakue. Ilikuwa karatasi ile ile, hadi ile saba ambayo karani aliikata akaiandika upya pembeni. Nikamwambia, "Tazama. Hiki ndicho tulichokosa 1988."

Alitazama muda mrefu. Akasema, "Kituo chenu wamekiacha hivyo kwa sababu walijua mwalimu atapiga picha."

Nikanyamaza. Akaongeza, bila hasira, "Si wewe uliyenichorea mchangani?"

Mwanangu, nimetukanwa na wazazi, na afisa mmoja wa elimu aliwahi kunifokea mbele ya wanafunzi wangu. Hakuna neno lililoniingia kama hilo.

Tangu hapo nabishana na nafsi yangu. Kuna usiku nasema ningemficha ya 1988, mtoto wa kidato cha pili hakuhitaji kujua. Kisha nasema hapana, yalitokea, na ningemweleza tena leo. Tatizo ni kwamba alishika nusu ya nilichomwambia: kwamba wakubwa husema uongo. Nusu nyingine ni namna tulivyoujua uongo wenyewe. Tulihesabu! Hatukuota, hatukutumiwa na mtu wa ndani. Mistari ilikuwa imesimama mbele yetu na kila mwenye macho aliweza kuihesabu. Hiyo imemponyoka. Sasa anapewa nambari na mtu ambaye hajawahi kumwona, zimetoka wapi haulizi, yeye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza.

Mahakama ya Juu nayo, tarehe 5 Septemba 2022, majaji wote saba walikubaliana kwamba ushindi wa Ruto usimame. Fomu za asili zililinganishwa na zile za kwenye tovuti zikalandana, na madai kwamba Camargo aliingia kwenye mitambo akageuza matokeo yakakosa ushahidi. Camargo ni mtu wa kweli, na kweli alikamatwa uwanja wa ndege Julai ile akiwa na vibandiko vya uchaguzi. Hadithi za namna hii huwa na punje moja ya kweli ndani, ndiyo maana hazifi.

Lakini usidhani maradhi haya ni ya ami yako na wenzake tu. Julai 2024, baada ya nyinyi vijana kuingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, rais mwenyewe alisimama akalituhumu shirika la Marekani, Ford Foundation, kwamba linafadhili ghasia. Wao wakakana. Nikajiuliza, ikiwa Ikulu inasoma habari hivi, nimlaumu nani huku Kilifi? Wewe ulikuwa Nairobi tarehe 25 Juni, umebeba chupa ya maji na bendera, na sisi huku tumeshika simu mkononi mpaka usiku. Na pale kwenye kundi, binamu zako walipoanza kusambaza kwamba watoto wote wale wamelipwa na wazungu, ni nani aliyewanyamazisha? Ni ami yako. Aliandika, "Nauli ya mtoto huyu nilimtumia mimi. Acheni uongo." Siku ile alikuwa na hesabu yake mwenyewe mkononi, na hakuna sauti ya mtu yeyote iliyoweza kumtikisa.

Ndiyo maana nashindwa kusema amepotea. Mamako anasema amepotea. Dadako anasema ni uzee, jambo ambalo silikubali, yeye ni mdogo kwangu.

Sasa, utoke au ubaki? Sitaki kukuamulia. Ulimi unanisukuma niseme ubaki, na ningekuwa nimekuita mbele yangu labda ningesema. Lakini wewe ndiye unayeamshwa na sauti zile, na una kazi asubuhi. Ninachokuomba ni kimoja: usimjibu kundini mbele ya wapwa zake. Mpigie.

Na ukimpigia, kuna jambo. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Nimemshauri ajitolee kuwa wakala wa chama chake pale kituoni, akae ndani tangu sanduku linapofunguliwa likiwa tupu hadi fomu inapotiwa sahihi, na sahihi moja iwe yake. Amesema atafikiria. Mkumbushe, lakini asijue kwamba nimekuambia, maana akihisi tumemkalia kikao hatakwenda.

Mamako anauliza kama zile korosho zimefika au dereva amekaa nazo.

Ni mimi babako