PICO-8 au Godot kwa mchezo wa kwanza
Umeuliza kama mchezo wako wa kwanza wa kuruka majukwaani uanze na Godot au PICO-8, programu mbili za kutengenezea michezo ya kompyuta. Ningekushauri uanze na PICO-8, kwa sababu skrini yake ya pikseli 128 kwa 128 na rangi 16 hukusukuma kuumaliza mchezo badala ya kuupamba bila kikomo. Usipotaka kulipia leseni ya PICO-8, TIC-80, programu inayofanana nayo, ina toleo la bure na hutumia vilevile Lua, lugha ya kuandikia programu. Godot ina uwezo mkubwa zaidi, lakini hushughulikia migongano ya vitu mchezoni kwa niaba yako, ilhali utamu wa kazi hii umo katika kuandika mwenyewe nguvu ya uvutano, kasi ya kuruka, na zile fremu chache (picha zinazofuatana kwenye skrini) ambazo mchezaji bado huruhusiwa kuruka baada ya kuvuka ukingo wa jukwaa.